Dawa ya kifafa iliyobanwa Ulaya: kwa nini si rahisi kuibadilisha huku kwetu?

Tuseme ni dada wa miaka 22. Anatumia valproeti tangu akiwa shule ya msingi, na mwaka wa tatu huu hajaanguka. Ana duka lake, ameolewa, sasa anataka mtoto.

Hapo ndipo hesabu inakuwa ngumu. Dawa iliyompa maisha ya kawaida ndiyo yenye hatari kubwa zaidi kwa mimba miongoni mwa dawa za kifafa zinazotumika sana.

Takwimu zenyewe si za kubahatisha. Kati ya kila watoto 100 wa mama waliotumia valproeti wakiwa wajawazito, takriban 10 huzaliwa na kasoro kubwa ya mwili: mgongo wazi, mdomo sungura, matatizo ya moyo. Kwa mama wengine ni 2 hadi 3. Na kuna athari isiyoonekana siku ya kuzaliwa: watoto 30 hadi 40 kati ya 100 huchelewa kuongea au kutembea, hupata shida ya kujifunza, na wengine usonji.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema wazi kwamba wanawake na wasichana wanaoweza kushika mimba wasiandikiwe dawa hii. Uingereza ikakaza zaidi Januari 2024: mgonjwa mpya aliye chini ya miaka 55, awe mwanamke au mwanaume, haanzishiwi mpaka madaktari bingwa wawili wakubaliane kwamba hakuna dawa nyingine inayomfaa.

Ndiyo, hata wanaume. Mwezi huohuo Shirika la Dawa la Ulaya lilitoa tahadhari kuhusu baba wanaoitumia katika miezi mitatu kabla ya mimba kutungwa. Hatari hiyo ni ndogo sana ukilinganisha na ya mama, na ushahidi wake bado haujakamilika.

Walijua tangu lini?

Hili ndilo linalouma. Valproeti iliingia sokoni Ufaransa mwaka 1967. Nyaraka za Uingereza za mwaka 1973 zinaonyesha kamati ya usalama wa dawa ilikubali madaktari waonywe kuhusu hatari kwa mimba, lakini onyo lisiwekwe kwenye karatasi ya ndani ya boksi, eti wagonjwa wasije wakapata hofu ya bure.

Matokeo yake yakaja kuhesabiwa baadaye. Mwaka 2017 mamlaka za Ufaransa zilikadiria kuwa watoto kati ya 2,150 na 4,100 walizaliwa na kasoro kubwa kutokana na dawa hiyo tangu 1967. Mama mmoja, Marine Martin, ambaye watoto wake wawili waliathirika, alianzisha chama cha familia hizo mwaka 2011, na kelele zao ndizo zilizoisukuma serikali kuanzisha mfuko wa fidia.

Sasa tujiulize: huku kwetu karatasi ya ndani ya boksi inamfikia nani? Vidonge hukatwa kwenye pakiti, vinatiwa kwenye bahasha ndogo, juu wanaandika "1x2". Onyo linabaki kwenye boksi, duka la dawa.

Mbadala nao una mambo yake

Mtu atasema, si ampe dawa nyingine? Zilizozoeleka zahanati ni fenobabitoni, iliyoanza kutumika kwa kifafa mwaka 1912, na kabamazepini. Kwa mimba hatari yake ni ndogo kuliko ya valproeti, ingawa ipo. Lakini zote mbili zina tabia moja ambayo haizungumzwi vya kutosha: huliamsha ini livunje dawa nyingine haraka kuliko kawaida.

Maana yake ni kwamba vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango hupungua nguvu. Mwanamke ana kijiti mkononi, roho imetulia, halafu anashika mimba. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi haviguswi sana, ila muuguzi wa uzazi wa mpango hawezi kujua hilo kama hakuuliza, "Unatumia dawa gani nyingine?"

Kwa anayetumia dawa za VVU ni hivyohivyo. Kabamazepini hushusha kiwango cha dolutegraviri, iliyo ndani ya kidonge cha TLD kinachotumiwa na watu wengi Kenya na Tanzania. Inabidi dolutegraviri iongezwe, iwe mara mbili kwa siku, la sivyo virusi vinapata mwanya.

Kosa baya kuliko yote ni kusoma habari kama hii na kutupa vidonge. Kuacha dawa ya kifafa ghafla kunaweza kuleta mishtuko mfululizo isiyokatika, na hiyo inaua mama na mtoto. Aliyeshika mimba tayari aendelee kumeza na awahi kwa daktari, leo si kesho.

Dawa zenye rekodi nzuri zaidi kwa mimba ni lamotrijini na levetirasetamu. Lamotrijini haianzwi kwa dozi kamili. Ukiharakisha, inaweza kuleta vipele vikali, ngozi ikababuka kama iliyoungua, na hatari hiyo huongezeka kama mgonjwa bado ana valproeti mwilini. Kwa hiyo hupandishwa polepole, wiki baada ya wiki, huku ya zamani ikipunguzwa.

Kwa dada yetu hiyo ni miezi kadhaa ya kurudi kliniki kabla hata hajaanza kutafuta mimba, na kila akirudi dawa iwepo. Ikikosekana siku kadhaa katikati ya safari, anarudishwa kwenye dozi ya mwanzo kabisa.