Kijana Kiziwi Ajue Bei ya Kazi Yake

Juma hili twataka kusema nanyi wazazi habari za vijana wetu wasiosikia, na wale wanaosikia kwa shida. Wako katika vijiji vyetu, toka Kasulu hata Kibondo na huku Nduta. Wengi ni hodari. Mpe jembe, mpe mwiko wa mwashi, mpe cherehani, utaona. Taabu huanza siku ya malipo.

Tuseme vijana wawili wanafyatua matofali kwa tajiri mmoja. Mmoja anasikia, mwenzake ni kiziwi. Yule wa kwanza ajua tayari kwamba kijiji cha pili wanalipa zaidi, kwamba tajiri huyu hukawia kutoa fedha, kwamba mahali fulani shule itajengwa na vibarua watatakiwa. Nani alimfundisha? Hakuna. Aliyaokota kisimani, gulioni, njiani akitoka kanisani, na usiku baba alipozungumza na jirani kando ya moto. Kiziwi naye alikuwa pale pale, akaona midomo inachezacheza, basi. Kwa hiyo hupewa nusu ya ujira, akaonyeshwa kwa mikono kwamba ndiyo desturi. Pengine hupewa ugali tu, na watu husema amesaidiwa. Hakusaidiwa. Ameibiwa.

Lugha yetu nayo yaongeza mzigo. Mtoto mkaidi twasema “hasikii”. Basi yule mwenye masikio mazito huchapwa kwa ukaidi asio nao. Na kiziwi twamwita bubu, kumbe koo lake ni zima. Hakupata tu kusikia maneno ayaige. Mtoto akitoka usaha sikioni, mpelekeni kwa mganga wa zahanati mapema, msimtilie mafuta na kungoja.

Sasa, baba na mama, yale ambayo mwingine huyaokota kwa masikio, huyu yafaa apewe kwa makusudi. Nenda naye gulioni. Mwonyeshe debe la maharage wakati wa mavuno, na debe lile lile miezi ya njaa. Mwonyeshe na asali vivyo hivyo. Awe na daftari lake: kazi gani, ya nani, siku ngapi, kiasi gani walipatana, kiasi gani alipewa. Mapatano yaandikwe kabla jembe halijashikwa, na tajiri atie sahihi. Kisha mwache apatane mwenyewe, nawe simama kando. Mama wengine humsemea kijana wao kila neno hata akifika miaka ishirini na tano; huyo atajifunza lini? Anayesikia kidogo msemee uso kwa uso, penye mwanga, polepole. Kupiga kelele hakumfai kitu.

Daftari lataka kusoma, na kusoma kwataka shule. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa na Kanisa Katoliki huko Tabora mwaka 1963, na reli yetu ya Kigoma yafika huko. Lakini akirudi likizo anaijua Lugha ya Alama, na nyumbani hakuna wa kuongea naye! Jifunzeni kwake. Alama za fedha, kazi, kesho, deni, hazishindi mtu mzima.

Wako waliofika mbali. Iringa, mwaka 2003, kazi ya mikono iitwayo Neema Crafts ilianzishwa chini ya Kanisa la Anglikana na vijana viziwi watatu, wakitengeneza karatasi kwa mavi ya tembo. (Msicheke, wageni waliinunua.) Baadaye wafanyakazi, wenye ulemavu wa namna mbalimbali, wakapita mia. Wakafungua na mgahawa ambamo viziwi ndio wahudumu. Vijana wale walijua mnunuzi ni nani na atalipa nini.

Sheria nayo ipo. Ile ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yamtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi aajiri wenye ulemavu wasiopungua 3 kwa mia. Vijijini kwetu nani ana watu 20? Ni wachache, hiyo itamfaa zaidi aendaye mjini. La karibu ni mikopo ya halmashauri isiyo na riba: 2 kwa mia ya mapato yake ya ndani imetengwa kwa wenye ulemavu. Ila habari zake mara nyingi hutangazwa kwa kipaza sauti na kwa redio! Mwombeni mtendaji abandike karatasi ukutani pia.

Kijana aliyekulia ndani ya kambi ya Nduta, iliyofunguliwa tena mwaka 2015 kwa ajili ya ndugu zetu wa Burundi, ana kazi kubwa zaidi. Sheria haikumruhusu mkimbizi kutafuta kazi nje ya kambi bila kibali, hivyo soko la kazi aliliona kwa mbali. Akirudi kwao atakuta fedha nyingine, bei nyingine, na hata alama za mikono nyingine. Mzazi wake aanze kumwonyesha faranga ya Burundi mapema.

Jambo moja la mwisho, la simu. Tajiri akilipa kwa simu, ujumbe huja kwa maandishi, na tarakimu kiziwi huzisoma mwenyewe. Mfundisheni kutofuta ujumbe ule mpaka amelinganisha na daftari.