Ngoma zinazosikika hadi jikoni
Kijana akifunga mlango wa chumba na ngoma zikasikika hadi jikoni, huenda anasikiliza “In Utero” ya Nirvana, ya mwaka 1993. Aliyeirekodi ni Steve Albini wa Chicago, Marekani, aliyefariki Mei 2024 akiwa na miaka 61. Maikrofoni nyingine aliziweka mbali na ngoma ili mwangwi wa chumba uingie, na sauti ya mwimbaji hakuipandisha juu ya magitaa. Bora zaidi ni “Rid of Me” ya PJ Harvey. Inaanza kimyakimya, mzazi asikimbilie kuongeza sauti! “In Utero” iliuza mamilioni ya nakala, lakini Albini alikataa asilimia ya mauzo. Alitaka ujira wa kazi tu, kama fundi bomba, kwa kuwa nyimbo ni za bendi.