Hati Safi Haitoshi: Soma na Daftari la Kaunti

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wafanyabiashara wanaujua sana usemi huu, na wako waliouandika ukutani nyuma ya kaunta. La kushangaza ni kwamba mfanyabiashara huyo huyo, anayehesabu kila mfuko wa sukari unaoingia ghalani, anaweza kwenda kununua kiwanja cha mamilioni ya shilingi akiwa ameangalia karatasi moja tu, yaani nakala ya hati miliki aliyoonyeshwa na dalali.

Nchini Kenya kiwanja cha mjini kina madaftari mawili. La kwanza liko kwa msajili wa ardhi, ambaye ni mtumishi wa serikali kuu, na linaeleza kiwanja ni cha nani. La pili liko kwa serikali ya kaunti. Hili linaeleza kiwanja kimekadiriwa kuwa na thamani gani kwa ajili ya kutozwa ada, na kinadaiwa kiasi gani. Hoja yetu juma hili ni kwamba hakuna anayejua bei halisi ya kiwanja mpaka madaftari yote mawili yamesomwa. Tunaongeza kwamba kaunti isiyomruhusu mnunuzi kulisoma la pili kwa urahisi inamtia hasarani mtu asiye na hatia.

Tuanze na daftari la msajili. Kinachohitajika hasa ni namba ya kiwanja. Mtu hupeleka maombi ya upekuzi rasmi, ambao mawakala huuita sachi, hulipa ada, kisha hupewa cheti. Kwa viwanja vya Nairobi shughuli hii ilianza kuhamishiwa kwenye kompyuta Aprili 2021, mfumo wa Ardhisasa ulipozinduliwa. Cheti hicho husomwa kwa sehemu tatu. Sehemu ya kwanza inahusu ardhi yenyewe: ukubwa wake, na kama ni ya umiliki wa kudumu au ya mkataba wa miaka. Ya pili hutaja mwenye ardhi. Ya tatu ndiyo inayorukwa na wengi, nayo huorodhesha vizuizi: rehani ya benki, zuio la mtu anayedai ana haki katika kiwanja, au amri ya mahakama. Iwapo sehemu hiyo ya tatu ina maandishi yoyote, usitoe hata shilingi moja ya arubuni kabla hujajua maana yake.

Hata hivyo, cheti hakisimulii historia yote. Aprili 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa uamuzi katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya serikali ya kaunti ya Mombasa. Kampuni hiyo ilikuwa na hati ya kiwanja kilicho ufukweni Nyali, nayo ilidai kuwa ilikinunua kwa nia njema. Mwaka 2017 kaunti ilikuwa imebomoa ukuta wa kiwanja hicho ikisema unaziba njia ya umma ya kwenda baharini. Mahakama iliona kwamba ardhi hiyo, iliyogawiwa kwa mara ya kwanza 1989, haikutolewa kwa utaratibu wa sheria. Kwa sababu mzizi ulikuwa mbovu, hati ya mnunuzi wa baadaye haikuweza kumlinda. Funzo kwa mwekezaji mdogo ni kwamba jina lililo kwenye cheti leo halitoshi. Ulizia pia nani alikuwa mwenye ardhi kabla ya huyu, na wa kabla yake, mpaka ulipoanzia ugawaji.

Sasa tufikie jambo ambalo halimo kabisa katika cheti hicho. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 28, inataja haki na madai yanayoifunga ardhi hata kama hayakuandikwa popote katika daftari la msajili. Mojawapo ni ada za ardhi za kaunti ambazo hazijalipwa, zile ambazo wengi huziita reti. Kwa maneno mengine, sehemu ya vizuizi inaweza kuwa nyeupe pe, na kiwanja kikawa kinadaiwa ada za miaka kumi na tano pamoja na faini zake. Deni hilo hulifuata shamba au kiwanja, na mnunuzi hulikuta linamsubiri.

Waliosoma uhasibu wanaijua hatari ya deni lisiloonekana katika mizania. Kampuni huonekana nzuri kwenye karatasi, watu wakanunua hisa, kisha deni likajitokeza na bei ya hisa ikaporomoka. Kiwanja chenye malimbikizo ya ada ni vivyo hivyo. Tuchukue mfano. Muuzaji anataka shilingi milioni 4, na kaunti inadai shilingi 600,000. Asiyeuliza atadhani amenunua kwa milioni 4, kumbe amenunua kwa milioni 4.6. Naye hawezi kulikwepa deni, kwa kuwa linaifunga ardhi yenyewe. Wengi huligundua jambo hili wakati arubuni imekwisha kutolewa na muuzaji amekwisha kuitumia.

Dawa yake haina gharama kubwa. Kabla ya kutia saini mkataba, mwombe muuzaji apate kutoka kaunti taarifa ya deni ya namba ile ile ya kiwanja, si ya kiwanja cha jirani. Mkataba useme wazi nani atalipa malimbikizo, na kwamba yatakatwa katika bei kabla ya muuzaji kupokea salio. Muuzaji mwaminifu hana sababu ya kukataa sharti hilo. Anayelikataa amekupa taarifa muhimu bila malipo.

Hapa inafaa tutenganishe malipo mawili ambayo huchanganywa kila siku. Ardhi ya mkataba wa miaka hulipiwa pango la ardhi kwa serikali kuu, na pia ada za ardhi kwa kaunti. Risiti ya pango haithibitishi kwamba ada za kaunti zimelipwa, wala risiti ya kaunti haithibitishi kwamba pango limelipwa. Tazama zote mbili. Anayenunua kipande cha ardhi iliyokatwakatwa na kampuni ya kuuza viwanja ana jambo la ziada la kuuliza: je, hati mama inadaiwa? Kama ada za shamba zima hazijalipwa, hati za vipande zinaweza kuchelewa, na aliyemaliza kulipa fungu lake la mwisho atakaa akingoja pamoja na wale ambao hawajalipa.

Tuje kwenye makadirio yenyewe, kwa kuwa wenye viwanja wengi hupokea bili na kuilaani bila kujua imehesabiwaje. Hesabu ina tarakimu mbili tu: thamani iliyoandikwa katika daftari la ukadiriaji, na asilimia inayotozwa juu ya thamani hiyo. Nairobi hutazama thamani ya ardhi tupu, bila nyumba iliyojengwa juu yake. Kwa muda mrefu jiji hilo lilitumia thamani zilizokadiriwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kwa thamani hizo za kale ikatozwa asilimia 34. Kuanzia Januari 2022 kaunti ilianza kutumia daftari jipya lenye thamani za karibuni, na asilimia ikashuka hadi 0.115.

Aliyesikia kwamba asilimia imetoka 34 hadi 0.115 angefikiri ada imekaribia kufutwa. Tupige hesabu. Kiwanja kilichokadiriwa shilingi 100,000 katika daftari la zamani kilitozwa shilingi 34,000 kwa mwaka. Kama daftari jipya lilikipa thamani ya shilingi milioni 20, ada ni shilingi 23,000, na mwenyewe amepata nafuu. Kama lilikipa milioni 60, ada ni shilingi 69,000, yaani zaidi ya mara mbili ya ile ya awali. Mpaka kati ya aliyepata nafuu na aliyebebeshwa mzigo uko karibu na shilingi milioni 29.6. Kwa hiyo viwanja viwili vilivyolipa sawa zamani vinaweza kutengana kabisa leo, kwa sababu bei ya mtaa mmoja ilipanda kuliko ya mwingine katika miaka ile arobaini.

Mwenye kiwanja hawezi kubishana peke yake na asilimia, kwa kuwa hiyo hupitishwa na bunge la kaunti. Thamani, lakini, anaweza kuibishia. Sheria ya zamani ya ukadiriaji, iliyodumu tangu enzi ya ukoloni mpaka ilipofutwa na Sheria ya Taifa ya Ukadiriaji iliyotiwa saini mwishoni mwa 2024, ilitaka daftari jipya liwekwe wazi likaguliwe na ilitoa siku 28 za kuleta pingamizi. Wachache mno walikuwa wakienda kukagua. Tangazo hutoka gazetini kwa maandishi madogo, siku zinapita, na kelele huanza bili zinapofika, wakati mlango umekwisha kufungwa. Pingamizi lenye nguvu huhitaji mambo machache tu: ukubwa uliokosewa, matumizi yaliyoandikwa sivyo, au kiwanja cha jirani kinacholingana na chako lakini kimekadiriwa chini.

Hilo la jirani ndilo linalotuleta kwenye dai letu. Ili ulinganishe na jirani, ni lazima uone thamani ya jirani. Nchini Marekani, ambako ada ya nyumba na ardhi ni tegemeo kubwa la serikali za mitaa, hilo ni jambo la kawaida. Katika kaunti ya Cook, ulipo mji wa Chicago, kila kiwanja kina namba ya tarakimu 14, na mtu yeyote anaweza kutafuta makadirio ya kiwanja chochote. Mwaka 2017 gazeti la Chicago Tribune lilichambua kumbukumbu za makadirio na mauzo, likaonyesha kwamba nyumba za bei ya chini zilikuwa zikikadiriwa juu kupita kiasi, ilhali za bei ghali zikikadiriwa chini. Maskini walikuwa wakiwabebea matajiri mzigo. Machi 2018 mkadiriaji mkuu wa kaunti hiyo, Joseph Berrios, alishindwa katika uchaguzi wa mchujo wa chama chake. Bila madaftari yaliyo wazi, dhuluma hiyo isingepata ushahidi.

Wako watakaosema kwamba kufungua madaftari ni kuanika mali za watu, na kwamba Kenya ina sheria ya kulinda taarifa za watu binafsi ya 2019. Wasiwasi huo una uzito, hasa katika miji ambako matapeli hutafuta viwanja vya wajane na vya walioko ng'ambo. Lakini mnunuzi na mlipa ada hawahitaji namba ya kitambulisho wala ya simu ya mtu. Wanahitaji namba ya kiwanja, ukubwa, matumizi, thamani iliyokadiriwa na deni lililopo. Mambo hayo matano yanaweza kutangazwa bila jina hata moja. Nao matapeli hawazuiwi na daftari lililofungiwa kabatini. Mara nyingi hao ndio wenye rafiki ndani ya ofisi, na anayebaki gizani ni mwananchi anayefuata foleni.

Kaunti nazo zingefaidika. Serikali za kaunti hulia kila mwaka kwamba ada za ardhi hazikusanywi inavyotakiwa, kisha hutangaza msamaha wa faini ili wadaiwa wajitokeze. Msamaha unaorudiwa rudiwa humfundisha mlipaji mzuri kwamba amefanya upumbavu kulipa mapema. Deni likiwa linaonekana na kila mnunuzi, soko lenyewe litakuwa mkusanyaji: kiwanja kinachodaiwa kitauzwa kwa bei ya chini, na mwenyewe atakuwa na sababu ya kulipa bila kufukuzwa na askari wa kaunti.

Mpaka siku hiyo ifike, ndugu msomaji, kazi ni yako. Kama unanunua, pata cheti cha msajili na taarifa ya deni ya kaunti, zote za karibuni, na ulinganishe namba za kiwanja tarakimu kwa tarakimu. Kama tayari unamiliki, ulizia ofisi ya ukadiriaji ya kaunti yako kiwanja chako kimeandikwa thamani gani na ukubwa gani, na weka risiti za kila mwaka katika faili moja. Tangazo la daftari jipya likitoka, nenda ukalisome wiki ya kwanza.