Punguza uzani wa baiskeli, usipunguze usalama

MZAZI mmoja wa hapa Nairobi ametuandikia akitaka ushauri. Bintiye mwenye umri wa miaka 14 amenunuliwa baiskeli ya milimani, ile yenye springi mbele na nyuma, iliyotoka ng'ambo ikiwa imetumika. Ni baiskeli imara, lakini ina kilo 15, naye msichana ana kilo 42. Kila Jumamosi waendapo msitu wa Karura, yeye hushuka na kuisukuma penye mwinuko huku wenzake wakimwacha nyuma. Isitoshe, familia inaishi orofa ya tatu na baiskeli haiwezi kulala nje. Mzazi anauliza: ni vipuri gani abadilishe ili baiskeli iwe nyepesi, na je, pesa hizo zitakuwa na faida au atakuwa amezitupa?

Swali hili linawahusu wengi. Siku hizi vijana wa mijini wamezipenda sana baiskeli za namna hii, na wauzaji wa vipuri nao wamejua kwamba neno "nyepesi" hufungua mifuko ya watu. Kabla ya kufungua wako, mpenzi msomaji, hebu tufanye hesabu.

Apandaye mlima hupandisha uzani wote: mwili wake, baiskeli, maji, viatu na mkoba. Mtu mzima wa kilo 80, akiwa na baiskeli ya kilo 15 na vikorokoro vya kilo 5, anapandisha kilo 100. Akipunguza kilo moja, amepunguza asilimia moja tu ya mzigo. Kwa mwinuko mkali unaomchukua dakika 40, kilo hiyo itamwokolea sekunde 24 hivi. Ndiyo maana mwanamume mwenye kitambi anayenunua vipuri vya bei ghali ili apunguze gramu 300 huchekesha kidogo.

Kwa msichana wetu mambo ni tofauti. Baiskeli ile ni zaidi ya thuluthi moja ya uzani wa mwili wake, ilhali kwa yule mtu mzima haifiki hata robo. Kilo moja ikiondolewa, anayenufaika zaidi ni mwepesi. Kwa hivyo jibu la kwanza kwa mzazi huyu ni kwamba wazo lake si baya. Linalobaki ni kujua aanzie wapi na akome wapi.

MIZANI KWANZA

Jambo la kwanza halina gharama kubwa. Pima baiskeli. Simama juu ya mizani ukiwa umeibeba, kisha pima mwili wako peke yake na utoe. Kwa vipuri vidogo, mizani ya jikoni inatosha. Andika kila kitu katika daftari, kwani bila kujua kipuri cha zamani kina gramu ngapi, huwezi kujua umepunguza nini.

Kisha gawanya bei kwa gramu. Tuseme pedali mpya zinauzwa shilingi 2,000 na zitapunguza gramu 100. Kila gramu imekugharimu shilingi 20. Tuseme tena usukani wa kaboni unauzwa shilingi 15,000 na utapunguza gramu 100 zile zile. Hapo kila gramu ni shilingi 150. Bei hizi ni za mfano tu, lakini hesabu ni hiyo hiyo kwa kila duka. Anza na gramu za bei nafuu, na ukifika mahali bei inapopaa, simama.

Gramu za bure ndizo za kutangulia. Stendi ya kuegemeza ina gramu 300 hivi, na njiani msituni haina kazi. Kadhalika ondoa kishikio cha taa iliyovunjika na kufuli nzito inayozunguka fremu siku ambayo huihitaji. Osha matope. Lakini usiondoe kengele, wala usipunguze maji ya kunywa eti kwa sababu lita moja ina uzani wa kilo moja. Jua la Nairobi halitazami mizani yako.

TAIRI NA TYUBU

Baada ya hapo nenda kwenye magurudumu. Huko ndiko kuna faida kubwa kwa pesa kidogo.

Tairi nyingi za bei ya chini zina waya wa chuma ukingoni. Tairi zinazokunjika hutumia nyuzi kama za Kevlar badala ya waya. Nyuzi hizo zilivumbuliwa mwaka wa 1965 na mwanakemia Stephanie Kwolek wa kampuni ya DuPont nchini Marekani, na nguvu zake ukilinganisha na uzani wake huishinda chuma. Ukitoa tairi ya waya yenye gramu 900 na kuweka ya kukunjika yenye gramu 700, umepunguza gramu 200. Kwa tairi mbili ni gramu 400.

Halafu kuna tyubu. Tyubu ya kawaida ya gurudumu la inchi 29 ina gramu 200 hadi 250. Rimu na tairi zikiwa zimetengenezwa kwa matumizi bila tyubu, unaweza kuiondoa na kutia majimaji ya kuziba matundu. Majimaji hayo, vali na utepe wa rimu vina gramu 110 hivi kwa kila gurudumu. Kwa hivyo faida yenyewe ni takriban gramu 120 kwa gurudumu, si 230 kama wauzaji wanavyopenda kusema. Hata hivyo kuna faida ya pili ambayo kwetu ni kubwa kuliko gramu. Anayeendesha baiskeli kwenye mbuga ya Hell's Gate karibu na Naivasha anaijua miiba ya migunga. Mwiba ukichoma tairi yenye majimaji hayo, tundu huzibika lenyewe mara nyingi na safari huendelea. Kumbuka tu kwamba majimaji hukauka, hasa penye joto, kwa hivyo yaongezwe kila baada ya miezi michache.

Kama rimu zako hazikutengenezewa kazi hiyo, usilazimishe, kwani tairi inaweza kuchomoka ghafla. Nunua tyubu nyembamba za plastiki, ambazo nyingi zake hazifiki gramu 100. Zinatoboka kama nyingine, na zinahitaji viraka vyake maalum.

Kuna msemo kwamba gramu moja kwenye gurudumu ni sawa na gramu mbili kwingineko. Ni kweli kwa kiasi fulani, tena wakati wa kuongeza kasi tu, maana uzani ulio ukingoni unasukumwa mbele na kuzungushwa kwa wakati mmoja. Ukipanda mlima kwa mwendo usiobadilika, gramu ni gramu popote ilipo. Hata hivyo, njia za msituni zina kona na mizizi, na mwendeshaji hupunguza na kuongeza kasi kila mara. Huko tairi nyepesi husikika miguuni.

Lakini usiwe na tamaa. Tairi nyembamba kupita kiasi hupasuliwa ubavuni na mawe. Kwenye Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka wa 2024, Mwingereza Tom Pidcock alipata pancha katikati ya mashindano ya baiskeli za milimani, akapoteza zaidi ya nusu dakika akibadilishiwa gurudumu. Alijikakamua akashinda dhahabu, lakini yeye alikuwa na mafundi wanaomngoja. Wewe ukipasukiwa ndani ya Karura, fundi ni wewe mwenyewe.

VITU VIDOGO VIDOGO

Pedali nzito za chuma zinaweza kuwa na gramu 450 au zaidi, ilhali za nailoni zina takriban 350, tena ni za bei nafuu. Vishikio vya mkono vya sponji vitapunguza gramu 50. Kiti kipana kilichojaa jeli kinaweza kuwa na gramu 450, na chembamba kina 300. Hakikisha tu kwamba kiti kipya kinamfaa mwenye kukikalia, kwani maumivu hayapimwi kwa gramu.

Sasa tujumlishe. Vitu vya bure, gramu 300. Tairi, 400. Tyubu, 240. Pedali na vishikio, 150. Kiti, 150. Jumla ni gramu 1,240, na bado hatujagusa kitu cha bei ghali. Baiskeli ya kilo 15 imeshuka ikafika kilo 13.76. Msichana wetu, ambaye pamoja na baiskeli na mkoba alikuwa akipandisha kilo 60, amepunguza asilimia mbili ya mzigo. Kwa mwinuko mkali wa dakika 40 ataokoa sekunde 50 hivi. Si muujiza, lakini ngazi za orofa ya tatu zitamshukuru kila siku.

GIA NA SPRINGI

Kwenye gia, kipuri kizito ni kaseti, lile fungu la meno la gurudumu la nyuma. Kaseti ya Shimano Deore ya gia 12 ina takriban gramu 590. Ya XT ya kampuni hiyo hiyo ina takriban 470, na ya XTR takriban 370, lakini bei nayo hupanda kwa kasi kuliko mwendeshaji. Tena meno mepesi ya alumini huisha upesi kuliko ya chuma. Ushauri wangu ni kuingoja iliyopo ichakae, ndipo ununue nyepesi kidogo. Na kabla ya kununua muulize fundi habu yako ni ya namna gani, kwani kaseti isiyolingana nayo haitaingia hata ukiipiga nyundo.

Baiskeli ikiwa ya zamani, yenye meno mawili au matatu mbele, kuna nafasi nyingine. Tangu kampuni ya SRAM ilipoleta gia 11 za nyuma zenye jino moja la mbele mwaka wa 2012, baiskeli nyingi za milimani zimefuata njia hiyo. Ukiondoa kibadilisha gia cha mbele, waya wake na meno ya ziada, unapunguza gramu 300 au zaidi. Hakikisha kwamba gia iliyobaki ni nyepesi vya kutosha kwa mlima, la sivyo umepunguza uzani na kuongeza mateso.

Springi ndizo zinazohitaji fikira zaidi kwa mtoto mwepesi. Foku ya mbele ya bei ya chini hutumia springi ya chuma, na inaweza kuwa na kilo 2.5 au zaidi. Foku ya hewa ina kilo 2 au chini ya hapo. Lakini nusu kilo hiyo si sababu kuu. Springi ya chuma iliyochaguliwa kwa mtu wa kilo 75 haibonyei ipasavyo chini ya mtoto wa kilo 42. Amebeba uzani wa springi bila kupata kazi yake. Ya hewa unaipunguza presha kwa pampu maalum mpaka ibonyee robo hivi ya urefu wake wa kubonyea anapoikalia. Kwa hivyo mzazi akibakiwa na pesa za kitu kimoja kikubwa, anunue foku ya hewa, wala si usukani wa kaboni. Fundi apime kwanza unene wa paipu ya shingoni, ekseli na urefu wa springi, ili foku mpya isibadilishe mkao wa baiskeli.

USIGUSE HAPA

Kuna gramu zinazolinda shingo ya mwanao. Usiweke disiki ndogo za breki ili kupunguza gramu 30. Usibadilishe bolti za usukani kwa bolti za alumini. Usinunue usukani wa kaboni uliotumika, kwa sababu kaboni iliyojeruhiwa huweza kukatika bila kuonya, na ufa wake huenda usionekane kwa macho. Na kama baiskeli ina paipu ya kiti inayoshuka kwa kubonyeza kitufe, iache. Ina gramu mia kadhaa za ziada, lakini penye mteremko mkali ndiyo inayomwezesha mwendeshaji kushusha mwili asirushwe mbele.

Hata mabingwa hawakimbilii wepesi peke yake. Mwaka wa 2016 mjini Rio de Janeiro, Mswisi Nino Schurter alitwaa dhahabu ya Olimpiki kwa baiskeli yenye springi mbele na nyuma, ingawa angeweza kupanda iliyo nyepesi zaidi isiyo na springi ya nyuma. Alichagua gurudumu linaloshika ardhi.

Neno la mwisho kwa mzazi wetu. Springi ya nyuma na viungo vyake huongeza kilo moja hadi mbili. Kama binti huenda Karura tu, kwenye njia zilizolainishwa, baiskeli yenye springi za mbele pekee ingemtosha. Ukiona unahitaji kupunguza kilo 3 au 4, usinunue vipuri. Iuze hiyo ununue nyingine, kwani vipuri vya kilo 3 vitagharimu zaidi ya baiskeli yenyewe. Lakini kama anapenda mawe na miteremko, fanya zile kazi za gramu 1,240, kisha foku ikiwezekana, halafu ukome hapo. Atakua. Mwaka mmoja au miwili ijayo atakuwa na kilo 50 na miguu yenye nguvu, na baiskeli ile ile itakuwa imekuwa nyepesi bila wewe kutoa hata senti.