Mbwa Akitapika, Wacheni Kumpa Maziwa

Mtu ako na pesa ya kununua Japanese Spitz, ako na pesa ya kumvalisha kasweta, ako na bando ya kumposti kila jioni. Siku mbwa ametapika, anauliza kwa grupu ya WhatsApp ya ploti. Na majibu ni yale yale: mpe maziwa, mpe nusu Panadol, ngoja tu, mbwa ni mbwa.

Zii. Hapo napinga.

Sisemi kila matapishi ni dharura. Mbwa hutapika kutuliko. Akifakamia chakula, anatapika. Akilala njaa, asubuhi anatoa povu la njano. Hiyo mara nyingi ni nyongo tu. Mbwa mkubwa mwenye afya akitapika mara moja halafu arudi kukimbiza paka wa jirani, mpe maji kidogo kidogo, baadaye wali mweupe na kuku wa kuchemsha bila chumvi wala kitunguu. Tulia.

Lakini huyo wako wa kilo 2 au 3 ni hesabu nyingine. Mwili wake hauna akiba ya maji, na akiwa bado mtoto, saa chache bila kula zinaweza kushusha sukari mpaka atetemeke na kuzimia. Ile "tutaona Jumatatu" yenu ndiyo huwamaliza.

Halafu kuna parvo. Mbwa anatapika, anakataa chakula, anahara damu yenye harufu ambayo huwezi sahau. Bila matibabu, siku chache zinatosha kumuua. Chanjo yake huanza wiki ya 6 hadi 8, inarudiwa kila wiki 2 hadi 4 mpaka apite wiki 16. Kwa hivyo muuzaji akikuambia "huyu amedungwa", mwambie akuonyeshe kadi. Sindano moja haijamaliza kazi.

Kuhusu Panadol: tembe imepimiwa mtu mzima, wewe unampa mnyama anayetoshea kwa kikapu. Inaweza kumharibu ini. Brufen ndiyo mbaya hata zaidi, inaleta vidonda tumboni na kuua figo. Na maziwa, mbwa wengi hayawakubali, wanaongeza tu kuhara.

Mimi mstari wangu uko hapa: akitapika mara kadhaa kwa saa chache, maji yenyewe hayakai, kuna damu au kitu kama makapi ya kahawa, tumbo limefura, ufizi umepauka, amelegea, au unashuku amekula sumu ya panya, chokoleti au zabibu, ni daktari siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Kama ni mtoto ambaye hajamaliza chanjo, usingoje hata hayo yote. Beba pakiti ya alichokula, na umrekodi video. Daktari ataona kama tumbo linakazana, yaani anatapika kweli, au chakula kinarudi tu chenyewe, na hizo ni shida mbili tofauti. (Mnarekodi kila kitu, rekodini na hii.)

Najua, pesa. Lakini siku kadhaa za dripu na kulazwa zinakula pesa kuliko chanjo zote pamoja. Mwambie daktari mapema uko na ngapi, akuambie kipi hakiwezi kungoja. Na yule jamaa wa agroveti anayekuuzia sindano bila kumwona mbwa? Muulize kama amesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Pia Chuo Kikuu cha Nairobi kina kliniki ya wanyama wadogo pale Kabete.

Na kama wako ameshakufa na parvo, waambie majirani wenye mbwa. Najua inauma, na watu huona aibu. Lakini kirusi hicho kinaweza kukaa kwa mchanga wa ploti hata mwaka mzima, na sabuni ya kawaida haikiui. Osha sakafu na vyombo kwa Jik na maji, na usilete mtoto mwingine hapo kabla hajamaliza chanjo.