Tarehe ya Cheo ni Deni la Serikali

Yapo makosa ya ofisini ambayo aliyeyatenda huyasahau kabla hajafika nyumbani kwake, lakini aliyetendewa huishi nayo mpaka mwisho wa umri wake. Kosa la tarehe ni mojawapo. Karani wa masjala akiandika 1987 mahali pa 1978, yeye huona kuwa ni kalamu tu iliyoteleza. Lakini kwa ofisa wa jeshi mwenye jalada hilo, miaka tisa ya utumishi katika cheo chake imefutwa bila amri ya mahakama, na bila yeye mwenyewe kuwa na habari. Leo tunataka kulisemea jambo hili, kwa kuwa linawagusa wananchi wa mkoa huu wa mpakani kuliko wanavyodhani wale wanaokaa mbali na Mto Ruvuma.

Kwanza tueleze uzito wa tarehe yenyewe, maana mtu asiyevaa sare aweza kudhani kwamba cheo ni nyota za begani tu. Katika jeshi maofisa wawili wa cheo kimoja hawalingani. Mkubwa kati yao ni yule aliyekipata cheo hicho kwanza. Kapteni hafikiriwi kuwa Meja mpaka awe amekaa katika ukapteni kwa muda uliowekwa. Umri wa kustaafu nao hufuata cheo, kwa hiyo anayechelewa kupanda aweza kurudishwa nyumbani akiwa bado na nguvu za kulitumikia Taifa. Kisha kiinua mgongo na pensheni hukokotolewa kwa kufuata mshahara wa mwisho na muda wa utumishi. Hivyo tarehe moja ikiharibika, zinazofuata zote huharibika nayo, kama kifungo cha kanzu kilichoingizwa katika tundu lisilo lake. Na mwenye kanzu akifariki, hasara hiyo huwarithi mjane na watoto katika mirathi.

Mkoa wa Mtwara unalijua jeshi kwa karibu. Hapa ndipo ulipokuwa mstari wa mbele wakati wa ukombozi wa Msumbiji. Hapa Naliendele wamelala mashujaa wetu waliopoteza maisha yao ng'ambo ya Ruvuma. Vijana wa Msimbati, wa Msangamkuu, wa Mikindani na wa visiwa vya Ghuba ya Mnazi wameitika wito kila walipoitwa. Katika vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, askari wa Jeshi la Wananchi pamoja na mgambo kwa maelfu walisafirishwa kutoka pembe zote za nchi. Katika hali kama ile bunduki hutangulia na karatasi hufuata nyuma, na karatasi inayofuata nyuma yaweza kuchelewa, kulowa, au kupotea kabisa.

Watu wa kusini tunayo sababu nyingine ya kulielewa jambo hili. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, masika yalikuwa yakiikata barabara yetu pale Rufiji, na mfuko wa barua ukisubiri meli au ndege. Barua ya kupandishwa cheo iliyotiwa sahihi mwezi wa tatu iliweza kumfikia mhusika mwezi wa saba. Karani mwangalifu huandika tarehe ambayo cheo kilianza. Karani mzembe huandika tarehe ambayo barua ilimfikia mezani. Makarani wote wawili wana muhuri, na baada ya miaka ishirini hakuna awezaye kuwatofautisha kwa kuutazama muhuri huo.

Zaidi ya hayo, majina yetu ya pwani yanafanana. Hamisi Saidi na Saidi Hamisi waweza kuwa watu wawili katika kikosi kimoja, na jalada la mmoja likapokea barua ya mwingine. Wazee wetu waliikumbuka siku ya kuzaliwa mtoto kwa mfungo mosi au kwa mwaka wa njaa, wala hawakuikumbuka kwa kalenda ya ofisi. Hata katika zama hizi, sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba Tanzania Bara asilimia 13 tu ya watoto walio chini ya miaka mitano walikuwa na vyeti vya kuzaliwa. Mtu anayeingia kazini bila cheti huandikiwa tarehe na mtu mwingine, na akishaandikiwa hubaki nayo.

Wako watumishi watakaosema kwamba madai ya tarehe ni mlango wa walaghai. Hoja hiyo hatuidharau. Mwezi Aprili mwaka 2017 Serikali ilipokea taarifa ya uhakiki iliyowataja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Udanganyifu upo, na yeyote anayejipunguzia umri au kujiongezea cheo anawaibia wenzake. Lakini zoezi hilohilo lina funzo la pili. Uhakiki ulipokuwa ukiendelea tangu mwaka 2016, upandishaji wa vyeo katika utumishi wa umma ulisimamishwa, na watumishi waaminifu wakachelewa pamoja na waongo. Baadaye Serikali iliona kwamba walioathirika wanastahili kurudishwa katika nafasi zao, na ikawapandisha kwa utaratibu ambao watumishi waliuzoea kwa jina la mserereko. Maana yake ni kwamba Serikali ikitaka, yaweza kuzirekebisha tarehe za watu wengi kwa pamoja. Iweje basi ishindwe kuirekebisha tarehe ya mtu mmoja anayesimama dirishani na barua yake mkononi?

Historia ya askari wa Afrika Mashariki inatuonya. Katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Waingereza, Wajerumani na Wareno yalipigana katika nchi yetu hii ya kusini, na wapagazi wengi mno walikufa njiani bila majina yao kuandikwa. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Kukiri huko kulikuja baada ya miaka mia moja, wakati ambapo hakuna tena wa kulipwa wala wa kuombwa radhi.

Askari wa upande wa Wajerumani nao wana kisa chao. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha fedha za kuwalipa askari wazee waliokuwa wakidai mishahara ya vita hivyo. Husimuliwa kwamba ofisi ya malipo ilipofunguliwa Mwanza, walijitokeza wazee wapatao 350, na wachache tu ndio waliokuwa na hati. Mlipaji akampa kila mzee ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride la silaha. Hakuna aliyeshindwa. Walikuwa wamekaa nusu karne bila karatasi, lakini miili yao ilikuwa bado inayakumbuka mafunzo. Kwetu sisi fundisho la kisa hicho ni kwamba mlipaji yule hakuwafukuza wazee kwa kukosa hati. Alitafuta ushahidi mwingine, akaupata.

Mataifa mengine yamekwisha kujifunza kwamba kosa la tarehe haliondoki kwa kunyamaziwa. Gazeti la Serikali ya Uingereza, London Gazette, huchapa tarehe za kupandishwa vyeo maofisa, na likikosea huchapa masahihisho hadharani, likitaja tarehe ya kwanza na ile iliyo sahihi. Hakuna anayeona kwamba heshima ya Mfalme imepungua kwa hilo. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1946 ambayo chini yake ziliundwa bodi za raia za kusahihisha kumbukumbu za wanajeshi. Mwombaji hupewa miaka mitatu tangu alipoligundua kosa, na bodi yaweza kuusamehe ucheleweshaji haki ikidai hivyo.

Nchi ya India nayo ilionja uchungu wa kuliacha kosa likomae. Jenerali V. K. Singh, aliyekuwa Mkuu wa Jeshi la Nchi Kavu, alikuwa na miaka miwili ya kuzaliwa katika Makao Makuu yaleyale. Idara moja iliandika 1950 na nyingine 1951. Tofauti hiyo ilidumu kwa miongo kadhaa, cheo baada ya cheo, mpaka mkuu wa jeshi akaishitaki Serikali yake katika Mahakama Kuu kabisa ya nchi mwezi Januari 2012. Mwezi uliofuata aliyaondoa madai yake, na mwezi Mei akastaafu kwa hesabu ya 1950. Hatuna haja ya kuamua nani alikuwa na haki. Inatosha kusema kwamba jambo ambalo makarani wawili wangelimaliza kwa asubuhi moja, walipogundua kwamba vitabu vyao havipatani, liligeuka kuwa fedheha ya Taifa zima.

Kwetu Tanzania misingi ya kutenda haki haikosekani. Taifa letu liliunda Tume ya Kudumu ya Uchunguzi mwaka 1966 ili mwananchi apate pa kupeleka malalamiko dhidi ya wenye madaraka. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulionya juu ya viongozi wanaowadharau wanaowaongoza. Sheria ya mwaka 2002 imeweka utaratibu wa kutunza kumbukumbu na nyaraka za Taifa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeitambua haki ya mtu kuomba taarifa zake zisahihishwe, ingawa mambo ya usalama wa Taifa yana taratibu zake. Na kabla ya sheria zote hizo, sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani ni ile ya deni, inayoagiza kwamba deni liandikwe pamoja na muda wake, kwa mwandishi mwadilifu na mbele ya mashahidi. Cheo alichokitolea mtu jasho na damu ni deni, na mwandishi wa deni hilo ni karani wa masjala.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne kwa wahusika. La kwanza, kila ofisa na kila askari aonyeshwe kumbukumbu zake kila anapopandishwa cheo, azisome na kutia sahihi, ili kosa likamatwe lingali bichi. La pili, kosa likidhihirika, ofisi iliyolitenda ndiyo ibebe mzigo wa kutafuta ushahidi, na iwekewe muda wa kutoa jibu. Si haki kumwambia mstaafu wa Msimbati asafiri zaidi ya kilomita mia tano kwenda Dar es Salaam, alale kwa jamaa, kisha aambiwe kwamba jalada halionekani na arudi mwezi ujao. La tatu, pasipokuwa na barua, upokelewe ushahidi mwingine: amri za kikosi za siku ile, orodha za mishahara, na kauli za wenzake waliopandishwa naye. La nne, masahihisho yawe kamili. Kubadili tarehe katika jalada na kuacha mshahara, ukubwa katika cheo na pensheni vikae vilevile ni sawa na kumwomba mtu radhi huku umeushika mkoba wake.

Aidha, mwenye kusahihisha asifute. Andiko la zamani likatwe kwa mstari mmoja, lisomeke, na pembeni aliyesahihisha aandike jina lake, tarehe na sababu. Jalada lililofutwafutwa humfanya hata mwenye haki aonekane mwongo.

Wananchi nao wana wajibu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tunawasihi ndugu zetu wa pwani na wa visiwani wazihifadhi barua za watoto wao walio jeshini na katika utumishi wote wa umma, wazifunge vizuri zisiliwe na chumvi wala mchwa, na wawe na nakala mahali pengine. Jina liwe moja katika cheti cha kuzaliwa, cha shule na cha kazi. Watoto wanaozaliwa leo waandikishwe leo. Anayeona kosa katika kumbukumbu zake aseme mara moja, asingoje mwaka wa kustaafu, maana dai linalotolewa usiku wa kuamkia kustaafu hutiliwa shaka hata likiwa la kweli. Wala asijaribu kuinunua haki yake kwa bahasha. Tarehe iliyosahihishwa kwa rushwa itaangushwa na mkaguzi wa kwanza atakayelifungua jalada.

Jeshi humfundisha askari kwamba dakika moja ni dakika moja. Akichelewa lindo huadhibiwa, na hakuna anayekubali udhuru wake kwamba alikosea kusoma saa. Askari aliyeitunza saa ya Taifa kwa miaka thelathini anastahili kutunziwa tarehe yake. Ikiwa imekosewa, anastahili kuiona imesahihishwa angali hai, na kwa maandishi yaleyale ya Serikali yaliyomkosea.