Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Naomba idhini nikuletee hadharani haja ya mitaa ya Mji wa Kale wa Mombasa, haja ambayo mitaa mingine ya nchi hii inayo vilevile, ila kwetu imedhihirika zaidi kwa ajili ya tofauti kubwa iliyopo baina ya utajiri upitao chini ya bahari yetu na ufukara ulio ndani ya nyumba zetu. Mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na mwaka uliofuata ikafika EASSy. Na hiyo ya TEAMS yatoka Fujairah, pande zile zile za Ghuba ambako majahazi yalikuwa yakija na kaskazi yamepakia tende na mazulia. Intaneti ya sehemu kubwa ya nchi, na ya majirani zetu wa Uganda wasio na bahari, huingilia kwetu kabla ya kufika Nairobi na Kampala, ilhali katika nyumba nyingi za mitaa yetu ya Kibokoni na Kuze mwanafunzi hununua bando la saa moja, na saa ikimwishia kabla hajaimaliza kazi yake, huiweka simu chini akalala.

Zamani mtu aliweza kuishi umri wake wote bila ya mtandao na asipungukiwe na haki yoyote. Leo haiwezekani, na iliyofanya isiwezekane ni serikali yenyewe, kwa nia njema ya kuondoa foleni na rushwa. Tangu mwaka 2014 ilipoanzishwa eCitizen, na hasa baada ya mwaka 2023 ilipoamrishwa kwamba huduma za serikali na malipo yake yapitie huko, pasipoti, cheti cha kuzaliwa na cheti cha tabia njema vyote huombwa mtandaoni, na kijana anayetaka nafasi ya chuo kikuu au mkopo wa masomo hana mlango mwingine wa kubisha. Nenda katika duka lolote la saiba hapa mjini siku ya kazi, utamkuta mama wa makamo amesimama mbele ya kijana asiyemjua, anamsomea kwa sauti nambari ya kitambulisho chake, kisha neno lake la siri, kisha zile tarakimu zilizoingia katika simu yake sasa hivi, na nyuma yake watu watano wanasikiliza. Mama huyo hana ujinga wala uzembe. Amefuata amri ya serikali kwa njia pekee aliyoachiwa.

Dawa tunayoipendekeza ni sahali, nayo ni waifai ya mtaa: laini moja ya faiba yenye kasi ya kutosha, ilipiwe kwa mchango wa nyumba zinazoitumia, isimamiwe na kamati ya mtaa iliyoandikishwa kisheria, kama vile kisima cha msikiti kilivyokuwa na wasimamizi wake na taratibu zake, wala hakuna aliyekihodhi. Ufundi wake haushindi vijana wetu, lakini una masharti ambayo mtu asiyeujua mji huu hatayafikiria. Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake ni nene, na mawimbi ya gigahezi 5 hufa katika ukuta wa kwanza; yale ya gigahezi 2.4 hupenya vizuri zaidi, lakini ndani yake mna njia tatu tu zisizoingiliana, ya 1, ya 6 na ya 11, na katika vichochoro ambamo madirisha ya jirani wawili hukaribia kugusana, kila ruta inayowashwa humpigia kelele mwenzake. Kwa hiyo njia ya busara ni kuinua antena juu ya mapaa, zionane moja kwa nyingine, kila moja ilishe nyumba zilizo chini yake, na njia za masafa zigawanywe kwa mapatano. Hapo ndipo kamati inapokuwa na faida ambayo wateja hamsini waliotengana hawawezi kuipata, kwa kuwa hao huwa na ruta hamsini zinazogombana. Yafaa pia betri ya kuhimili umeme unapokatika, na masanduku ya kuzuia hewa ya chumvi ambayo hapa kwetu hula chuma kwa muda mfupi. Na kwa kuwa Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, nyaya chache zinazopita mbele ya milango ya nakshi na roshani za mbao ni heri kwa kila mtu.

Haya si mageni. Kibera, TunapandaNET imeziunganisha shule na vituo vya jamii kwa antena za namna hii hii. Huko Mankosi, Afrika Kusini, wanakijiji walianzisha shirika lao la ushirika, Zenzeleni, wakawa watoa huduma wenyewe. Na Catalonia mtandao wa Guifi.net, ulioanza mwaka 2004 katika wilaya ambayo makampuni yalikuwa yameipuuza, leo una vituo zaidi ya 30,000.

Insafu yataka nikiri kwamba Mamlaka yako haikulala. Mwaka 2021 mlitoa mwongozo wa leseni na wa matumizi ya pamoja ya masafa kwa mitandao ya jamii, na kwa hilo mlizitangulia nchi nyingi za bara hili. Lakini sheria njema isiyomfikia mlengwa wake humnufaisha aliyekwisha kuelimika tu. Mzee wa mtaa anayeaminiwa na watu wote, ambaye ndiye hasa afaaye kuwa mwenyekiti wa kamati, hawezi kuusoma mwongozo huo kwa Kiingereza cha mawakili, wala hajui kama kumgawia jirani laini yake ni hisani au ni kosa, maadamu mikataba ya laini za nyumbani aghalabu hukataza jambo hilo, na kampuni nayo haimwambii ni wapi atakapouziwa laini inayoruhusu. Naona hapo ndipo penye kizuizi kikubwa kuliko vyote: leseni bila ya mtu wa kukuuzia intaneti kwa jumla, kwa bei ya haki, ni karatasi tupu.

Najua kuna hofu ya usalama, nayo ni hofu ya halali. Lakini mtandao wa mtaa wenye orodha ya watumiaji wake, unaosimamiwa na watu wanaojuana kwa majina na nasaba, na unaofuata Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ni salama zaidi kuliko saiba ile ambamo maneno ya siri ya mtaa mzima yamo katika kichwa cha kijana mmoja.

Yako mambo mengine mawili yaliyo mikononi mwako. Mfuko wa huduma kwa wote, unaotokana na tozo za makampuni yenye leseni, huangalia zaidi mahali ambako mawimbi hayafiki. Kwa kipimo hicho Mombasa yote imeshiba, kwa kuwa minara ipo. Twaomba kipimo kiongezwe: nyumba isiyoweza kulipa nayo ihesabiwe kuwa haijafikiwa. Na katika vile vituo 25,000 vya waifai ya umma ambavyo serikali iliahidi kuvijenga, fungu moja likabidhiwe kamati za mitaa zilizo tayari, kwani kituo kilichotundikwa sokoni bila ya mwenyewe, siku kinapozimika hakuna ajuaye amwambie nani.

Basi, Mheshimiwa, twakuomba uiagize afisi yako ya Pwani ituletee fomu ya leseni na mwongozo wake kwa Kiswahili, ituandikie bayana ni nini kinachoruhusiwa na ni nini kisichoruhusiwa katika kugawana laini, na iyaite makampuni yaje yaseme mbele ya wananchi bei ya kuuza intaneti kwa jumla kwa mitandao ya jamii. Sisi tuko tayari kuchanga, kujiandikisha na kukaguliwa, na jawabu lako twalingojea.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Mji wa Kale, Mombasa